Kuuliza si Ujinga, Lakini Tuulize Vipi? Uhakiki wa Lugha ya Msaada kwa Watumiaji wa Programu za Uchongaji

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii tumeifundisha miaka mingi madarasani, na wanafunzi wetu wameiandikia insha nyingi. Hata hivyo, methali yenyewe haielezi muulizaji aulize vipi, wala haisemi chochote kuhusu anayejibu. Katika makala haya tunakusudia kuitazama nusu hiyo iliyoachwa. Matini tulizozichagua ni maswali na majibu ya mafundi wanaotumia programu za kompyuta kuongoza mashine za kuchonga chuma, mbao na plastiki, ambao husaidiana katika jumuiya za mtandaoni.

Huenda msomaji akashangaa: idara ya Kiswahili inatafuta nini karakanani? Jibu letu ni rahisi. Swali la fundi ni matini, na jibu lake ni matini. Zina mwandishi, hadhira, muundo na lengo, kama ilivyo barua au hotuba. Tena zina jambo moja ambalo barua nyingi tunazozisahihisha hazina: zikiandikwa vibaya, chuma huharibika na mkono wa mtu huweza kukatika. Tunaona kwamba utanzu wenye uzito huo unastahili kuhakikiwa.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tueleze kazi inavyokwenda. Fundi huchora kifaa anachokitaka katika kompyuta. Programu ya uchongaji hukokotoa njia ambayo kikata kitapita ili kuondoa nyama isiyotakiwa. Kisha sehemu ya programu iitwayo postiprosesa huigeuza njia hiyo kuwa mistari ya maagizo inayofahamika kama msimbo wa G, na mashine huyafuata maagizo hayo mstari kwa mstari. Mfumo huu si mgeni. Mashine ya kwanza ya aina hii ilioneshwa katika chuo cha MIT, nchini Marekani, mwaka 1952, na msimbo wenyewe uliwekewa kiwango cha kimataifa, ISO 6983, mwaka 1982.

Walimu wa lugha tutaielewa hali hii bila taabu. Ingawa kiwango kipo, msimbo wa G una lahaja. Mashine yenye kiongozi cha Fanuc haisomi kila kitu sawasawa na ile ya Siemens, na mashine ndogo inayoendeshwa kwa LinuxCNC ina desturi zake. Postiprosesa ni mkalimani anayeijua lahaja ya mashine fulani. Kwa hiyo fundi anayeuliza swali bila kutaja mashine yake ni kama mtu anayeuliza maana ya neno bila kusema amelisikia Mombasa au Lubumbashi.

Matini ya kwanza

Matini tunayoanza nayo tuliletewa na kijana mmoja anayehudhuria masomo yetu ya jioni. Mchana hufanya kazi katika karakana inayotengeneza vipuri vya mashine za kusaga mahindi. Aliandika swali lake kwa Kiswahili katika kundi la mafundi walioko Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Goma, akatuonesha baadaye huku akicheka kwa haya. Tunalinukuu kwa idhini yake:

"Shikamooni wakubwa zangu, poleni na kazi. Samahanini sana kwa usumbufu, mimi ni mdogo wenu tu na sijui mengi. Mashine yangu imevunja kikata mara mbili leo. Nimejaribu kila kitu lakini wapi. Nadhani programu ina kirusi. Naombeni msaada wa haraka, bosi amekasirika."

Tukiihakiki matini hii kwa vigezo vya darasani, hatuwezi kusema ni mbovu. Sarufi yake ni safi. Adabu ipo. Hisia za mwandishi tunazipata. Lakini tukiisoma kwa macho ya fundi aliye Goma, ambaye haioni mashine na anataka kusaidia, tunagundua kwamba hakuna hata neno moja analoweza kulishika. Anachonga nini? Kwa kikata gani? Mashine ipi, programu ipi? Kikata kilivunjika kikiwa wapi, kikifanya nini? Sentensi pekee inayoeleza chanzo, ile ya kirusi, ni dhana ya muulizaji wala si jambo aliloliona.

Majibu matatu yalikuja. La kwanza lilisema, "Pole sana ndugu, hata mimi imenikuta." La pili lilisema, "Angalia sifuri yako." La tatu lilisema, "Mwanzoni mwa programu weka G28 Z0, kichwa cha mashine kipande juu kwanza, utakuwa salama." Kijana alilipenda jibu hili la tatu kwa sababu lilikuwa na kitu cha kufanya. Tutaona punde kwamba ndilo lililokuwa na hatari kubwa kuliko yote.

Mwongozo wa Raymond na Moen

Suala la namna ya kuuliza limewahi kuandikiwa. Matini maarufu zaidi ni ya Eric S. Raymond na Rick Moen, How To Ask Questions The Smart Way, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Imetafsiriwa katika lugha nyingi, na hadi leo muulizaji mgeni katika jumuiya za programu huria huelekezwa kuisoma. Umaarufu wake umewaletea waandishi wenyewe taabu: ilibidi waweke tangazo kwamba wao si kituo cha msaada, maana watu waliokuwa wakielekezwa kwao waliwatumia maswali ya programu ambazo hawazihusu.

Tunakubaliana na mwongozo huu katika mambo ya msingi. Waandishi wanamtaka muulizaji aeleze dalili alizoziona na siyo dhana zake. Wanamtaka apange matukio kwa mfuatano wa wakati. Wanamtaka ataje lengo lake la mwisho na siyo hatua moja tu aliyokwama. Mwishoni wanamtaka arudi kueleza kilichomsaidia. Mwalimu yeyote wa usimulizi atatambua kwamba haya ndiyo tunayoyahimiza: ukweli kabla ya maoni, mpangilio, na hitimisho. Laiti kijana wetu angeyafuata haya, sentensi ya kirusi isingekuwapo.

Hata hivyo, mwongozo huu uliandikwa na watengeneza programu kwa ajili ya watengeneza programu. Mafundi wa uchongaji wameurithi bila kuuhakiki, kama mtu anayerithi kanzu ya kaka yake bila kuipima. Tunaona sehemu tatu ambazo kanzu hiyo inabana.

Jaribu kwanza: shauri lenye hatari

Waandishi wanashauri kwamba kabla ya kuuliza, mtu atafute jibu mwenyewe kwa kuchunguza na kwa kufanya majaribio. Kwa mtengeneza programu shauri hili ni la busara. Jaribio likishindwa, kompyuta huandika ujumbe wa kosa, naye hupoteza dakika moja.

Karakanani jaribio linafanyika ndani ya chuma. Kikata kinachozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika kikigonga jiliwa, au vaisi kama mafundi wengi wanavyoiita, hakiandiki ujumbe wa kosa. Huvunjika, na vipande vyake huruka. Kijana wetu aliposema "nimejaribu kila kitu", alikuwa ametii mwongozo kikamilifu bila kuujua, na utiifu huo ulimgharimu vikata viwili. Angeuliza mapema angepoteza kimoja.

Hatusemi kwamba fundi asijaribu. Tunasema kwamba katika fani hii jaribio lina ngazi zake, na shauri lisilozitaja ngazi hizo halijakamilika. Ngazi ya kwanza ni kuitazama njia katika kompyuta, kwa kuwa programu nyingi za uchongaji zina uwezo wa kuonesha mkato kabla haujafanyika. Ya pili ni kukata hewa, yaani kuiendesha mashine ikiwa imeinuliwa juu ya kazi au bila kikata, kwa mwendo uliopunguzwa, mkono ukiwa karibu na kitufe cha kuzimia. Ya tatu ni kukata kitu laini kama nta, povu au ubao. Chuma huja mwisho. Mtu akiambiwa "jaribu uone" bila kuambiwa ajaribu katika ngazi ipi, hajasaidiwa bali amesukumwa.

Tafuta kwanza: majibu nayo huzeeka

Shauri la pili ni kutafuta majibu yaliyokwisha kutolewa kabla ya kuuliza upya. Nalo tunalikubali kwa sharti. Majibu huzeeka, na katika uchongaji huzeeka kimyakimya.

Tuchukue mifano miwili. FreeCAD, programu huria inayotumiwa na wanafunzi wengi kwa kuwa ni ya bure, ilikuwa na sehemu ya uchongaji iliyoitwa Path. Toleo 1.0 lilipotoka Novemba 2024, sehemu hiyo ilikuwa imebadilishwa jina na kuitwa CAM. Maelekezo ya miaka ya nyuma yanayomwambia mwanafunzi afungue Path yanamfanya atafute mlango usiokuwapo, na mgeni hudhani kosa ni lake. Mfano wa pili ni wa programu ya Autodesk iliyokuwa ikiitwa Fusion 360. Oktoba 2020 leseni yake ya bure kwa matumizi binafsi ilipunguzwa uwezo. Mojawapo ya vilivyoondolewa ni mwendo wa kasi, ule wa agizo la G0 unaokihamisha kikata kutoka sehemu moja hadi nyingine bila kukata. Tangu hapo safari hizo zilitolewa kwa mwendo wa kukata. Mtu aliyeuliza kwa nini mashine yake imekuwa nzito ghafla, akasoma majibu ya mwaka 2018, angelainisha reli na kubadilisha mikanda siku nzima, ilhali sababu ilikuwa katika leseni.

Kwa hiyo tunapendekeza nyongeza kwa shauri hili: jibu lisilo na tarehe na toleo la programu lisomwe kama barua isiyo na tarehe. Linaweza kuwa la kweli, lakini hatujui ni la kweli kwa lini.

Suala la salamu

Sehemu ya tatu inatugusa moja kwa moja sisi walimu wa Kiswahili. Raymond na Moen hawakatazi adabu. Wanasema haimdhuru mtu. Lakini wanaonya kwamba kujidhalilisha si badala ya kufanya kazi yako ya nyumbani, na kwamba kusema jambo ni la haraka huwakera wanaojitolea. Onyo hili limewafanya baadhi ya mafundi wetu, hasa wanaoandika Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, waone kwamba salamu yoyote ni upuuzi. Tumesikia wakiambiana, "Acha hadithi, sema shida."

Tunadhani hapa mambo mawili yamechanganywa. Katika matini ya kijana wetu, "shikamooni wakubwa zangu, poleni na kazi" ni salamu. Inawatambua wasomaji kama watu wenye kazi zao, na haichukui zaidi ya mstari mmoja. Mgoma angesema "jambo" tu, lakini kazi ya maneno ni ileile. Kwa upande mwingine, "mimi ni mdogo wenu tu na sijui mengi" ni kujidhalilisha. Haimheshimu msomaji, bali inamwomba ahurumie. Tena ina athari mbaya: anayejibu huamini kwamba muulizaji kweli hajui kitu, akampa agizo la kufuata bila maelezo. "Weka hiki, utakuwa salama." Mtu aliyejitangaza mjinga hupewa majibu ya mjinga.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wanafunzi ni huu: salamu ibaki, msamaha wa kujidunisha uondoke, na nafasi iliyoachwa ijazwe vipimo.

Jibu nalo ni matini

Methali inamtazama muulizaji. Mwongozo wa Raymond na Moen nao kwa sehemu kubwa unamtazama muulizaji. Ni haki tuseme kwamba karibu na mwisho wana sehemu fupi kwa anayejibu. Wanamshauri awe mpole, aulize maswali ya kudadisi, na akiri asipokuwa na hakika, maana jibu la makosa lililosemwa kwa ujasiri ni baya kuliko kukaa kimya. Lakini ni sehemu fupi. Kwa mafundi wa uchongaji tungeigeuza mizani: mzigo mkubwa uwe kwa anayejibu, kwa kuwa ndiye anayejua kinachoweza kutokea.

Turudi kwenye jibu la tatu. Agizo la G28 huirudisha mashine nyumbani kwake. Lakini agizo hilo hupitia kwanza kituo cha kati, na kituo hicho ni ile namba iliyoandikwa baada yake. Ikiwa mashine iko katika hali ya G91, ambamo kila namba huhesabiwa kuanzia mahali kikata kilipo, Z0 ina maana ya "usisogee", na kichwa huenda juu moja kwa moja. Ikiwa iko katika hali ya G90, ambamo namba huhesabiwa kuanzia sifuri ya kazi, Z0 ina maana ya "shuka kwanza hadi sifuri ya kazi, kwa kasi yote, kisha ndipo upande". Jibu sahihi lilipaswa kuwa G91 G28 Z0, likifuatwa na G90 ili mashine irejee katika hali yake. Aliyejibu bila shaka ana mashine ambayo programu zake huiweka G91 mahali fulani juu, hivyo kwake sentensi ile ni ya kweli. Kwa kijana wetu, ambaye programu yake ilianza na G90, ilikuwa amri ya kushuka.

Hapa tunapata somo ambalo hata mhadhiri wa semantiki angelipenda. Maneno ni yaleyale, muktadha umebadilika, maana imegeuka kinyume. "Panda" imekuwa "shuka". Mtoa jibu hakudanganya wala hakukosea kwake. Alikosea kwa kutotaja masharti ambayo jibu lake linasimama juu yake.

Aliyemwokoa kijana ni fundi mzee wa karakana ileile, asiyetumia kompyuta kabisa. Alipoona mstari mpya umeongezwa, alimwamuru atoe kikata, aondoe kipande cha kazi, kisha aiendeshe programu kwa mwendo wa pole. Kichwa kikashuka hadi karibu na meza ndipo kikapanda. "Na kama kipande kingekuwapo?" mzee akauliza, akaenda zake kunywa chai.

Jibu la pili, "angalia sifuri yako", lilikuwa kweli tupu, kama tutakavyoona. Lakini halikumsaidia kijana, kwa sababu halikusema sifuri ipi wala aiangalie vipi. Kwa mzoefu ni sentensi kamili. Kwa mgeni ni fumbo. Tunaona basi kwamba majibu yote matatu yana upungufu wa aina moja: yameandikwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari. Anayejibu angeanza kwa swali, "Sifuri ya Z umeiweka wapi, na programu yako inaitegemea iwe wapi?", mambo yangeisha kwa dakika tano.

Matini ya pili

Tulimwomba kijana aliandike swali lake upya darasani, mbele ya wenzake ambao wengi ni wanafunzi wa ualimu wasiojua lolote kuhusu mashine. Sharti letu lilikuwa moja: kila wanachokiona hakieleweki wamuulize, naye akiandike. Matini ilianza kuwa hivi:

"Shikamooni wakubwa, poleni na kazi. Nachonga kibao cha alumini chenye unene wa mm 20 kwa kikata cha mm 6 chenye meno 2. Mashine ni ya mihimili mitatu, inaendeshwa kwa LinuxCNC. Njia nimeitengeneza kwa FreeCAD toleo 1.0, vipimo ni milimita, G21. Kikata kimevunjika mara mbili kabla hata ya mkato wa kwanza, katika mstari wa G0 Z5. Nilitarajia kisimame mm 5 juu ya kibao. Badala yake kilizama ndani ya kibao kwa kasi. Katika programu, sifuri ya Z ni uso wa juu wa kibao. Mashineni nimeweka sifuri kwenye meza…"

Alipofika hapo akaweka kalamu chini. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, anayesomea Kiswahili na historia, alikuwa ameshaona: ikiwa sifuri iko mezani, basi milimita 5 juu ya sifuri ni ndani ya kibao, na kibao kina milimita 20. Kikata kilikuwa kimeagizwa kwenda milimita 15 chini ya uso wa chuma. Mashine haikukosea. Programu haikuwa na kirusi. Ilitii.

Tunalisisitiza tukio hili kwa sababu linaonesha kwamba swali zuri halimsaidii anayejibu peke yake. Kuandika dalili kwa mpangilio ni njia ya kufikiri. Katika matini ya kwanza kijana aliandika hofu yake. Katika ya pili aliandika vipimo, na vipimo vilijibu. Darasa zima halikuwa na hata mtu mmoja anayejua kuchonga, ila walijua kuuliza "wapi?", "lini?" na "una maana gani ukisema sifuri?".

Suala la istilahi

Wapo watakaosema kwamba msaada wa aina hii hauwezi kutolewa kwa Kiswahili kwa kuwa istilahi hazipo. Tunakubali kwamba pengo lipo, lakini hatukubali ukubwa wake. Kukereza, jiliwa, kekee, tupa, mhimili, ulalo na kina ni maneno tuliyonayo siku nyingi. Yaliyobaki yanaweza kusemwa kwa maelezo: "mwendo wa kukata", "mwendo wa kasi", "uso wa juu wa kipande". Katika matini ya pili maneno ya kigeni ni majina ya programu na maagizo yenyewe, ambayo hata Mjapani huyaandika vilevile.

Hatari kubwa zaidi ni neno moja kubeba maana mbili bila watu kujua. Neno "sifuri" katika matini zetu lilimaanisha sifuri ya programu, sifuri ya mashine na sifuri ya kazi, na ajali ilitokea hasa katika mwanya ulio baina ya maana hizo. Kadhalika "kisu" kwa fundi mmoja ni kikata kizima na kwa mwingine ni jino lake. Istilahi hazitatosha kuliziba pengo hili. Kinachohitajika ni mazoea ya kufafanua: "nikisema sifuri nina maana ya mahali fulani." Mazoea hayo hufundishwa, na mahali pa kufundishia ni darasa la lugha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba msaada katika programu za uchongaji ni utanzu wenye kanuni zake. Mwongozo wa Raymond na Moen unafaa kuwa msingi, lakini hautoshi pale ambapo kosa hukatwa katika chuma. Muulizaji ataje kifaa, kipimo, mashine, toleo, sifuri na mstari wa msimbo. Anayejibu aseme masharti ya jibu lake, tarehe na toleo, na ngazi ya kulijaribia. Asipokuwa na hakika, aulize kabla hajaagiza. Wote wawili wasiache uzi umekatika.

Jambo hili la mwisho tulimsisitizia kijana wetu. Baada ya kulitambua kosa alitaka kunyamaza, kwa kuwa aliona aibu. Tukamwambia kwamba fundi mwingine mahali fulani atasoma jibu la tatu mwakani, asiwe na mzee wa kumtoa kikata. Akarudi kwenye kundi, akaeleza kosa lake la sifuri, kisha akaandika kwamba G28 Z0 bila G91 mbele yake inaweza kukishusha kikata, na akatoa sababu. Hakumtaja aliyelitoa jibu lile. Mwenyewe hakujibu kitu, lakini siku iliyofuata tuliona jibu lake limebadilishwa: G91 imeongezwa, na chini yake maneno matatu, "Hakikisha hewani kwanza."

Tunawahimiza walimu wenzetu waliingize zoezi hili katika somo la utungaji, pamoja na barua na kumbukumbu za mikutano. Si lazima liwe la mashine za kuchonga. Cherehani, pampu ya maji au simu iliyokataa kuwaka vinatosha. Mwanafunzi mmoja aandike swali, wa pili alijibu, wa tatu asiyejua kitu asome yote mawili na kusema ni wapi angeumia.